Kifungo Amepungua Gramu Mbili

Jumatatu, 3 Agosti

Naomba radhi, shajara. Tangu Machi sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuugua wala sikusafiri. Niliona haya. Nilijitosa kugombea uenyekiti wa kamati ya mtaro wa mtaa wetu, nikapata kura moja, na hiyo nilijipigia mwenyewe. Mambo ya namna hiyo hayaandikwi mpaka yapoe. Yamepoa.

Leo kuna jambo. Asubuhi binti yangu amepita na boksi la viatu. Ndani yake kobe wawili wachanga, mali ya mjukuu wangu. Mkubwa anaitwa Kofia, gramu mia moja na kumi na mbili. Mdogo ni Kifungo, gramu arobaini na sita; anaenea kiganjani na nafasi inabaki. Binti, mumewe na mtoto wanakwenda kukaa siku chache katika mji ambako mume amehamishiwa kazi, kutafuta nyumba. Watarudi Jumatano ya wiki ijayo. Kobe hawawezi safari.

Lakini kobe ndio utangulizi tu. Likizo ndefu inakuja, wazazi wote wawili watakuwa kazini, na mtoto ana miaka sita. Lazima akae na babu kwa wiki sita. Mababu tuko wawili: mimi, na mkwe mwenzangu, baba wa mume wa binti yangu, fundi saa mstaafu, mtu mpole kupita kiasi. Upole wa namna ile una jambo.

Binti alisimama mlangoni akasema, "Baba, tuanze na kobe. Ukiwaweza hawa, tutazungumza habari ya mtoto."

Tangu mama yake afariki, nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja. Wiki sita! Nitawaweza.

Ameniachia maagizo, ukurasa mzima. Kila asubuhi kobe waogeshwe katika beseni, maji ya uvuguvugu, yasipite kidevu, dakika ishirini. Kisha wafutwe, wapewe majani, wapimwe, na uzito atumiwe yeye kwa simu. Hapo nilicheka kimoyomoyo. Nimekuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na mmoja. Wauza nyama walikuwa wakiniona kwenye kona wanaficha mawe yao ya mizani chini ya aproni. Kobe wawili watanishinda nini?

La mwisho halikunifurahisha. Mkwe mwenzangu ameombwa "apitie pitie" Alhamisi na Jumapili. Mkaguzi anakaguliwa.

Jumanne, 4 Agosti

Mambo yamekwenda vibaya. Naandika hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi nilitayarisha maji. Nikayapima kwa kiwiko, kama marehemu mke wangu alivyokuwa akiyapima ya kumwogeshea binti yetu. Nikawatia. Kofia alisimama kama mtu anayengoja zamu yake benki. Kifungo alizunguka beseni, kisha ghafla akanyoosha shingo na kuzamisha uso wote. Anazama! Nikamtoa. Nikamrudisha. Akazamisha tena. Nikamtoa tena. Mara tatu. Mara ya nne akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuangaliwa hata na wauza nyama.

Kisha maji yakachafuka. Kofia alitoa kitu cheupe, kizito, mfano wa chaki iliyoloweshwa. Nilidhani ni ubongo. Nikakaa chini.

Nilipotulia niliwafuta nikawaweka kwenye mizani yangu ya shaba, ambayo haijawahi kusema uongo. Kofia, mia moja na tisa. Kifungo, arobaini na nne.

Wamepungua mikononi mwangu. Kofia gramu tatu, Kifungo gramu mbili, kwa dakika ishirini.

Binti amenitaka nitume uzito. Nimetuma mia moja na kumi na mbili na arobaini na sita. Si uongo. Ni uzito wa kabla ya kuoga, na kabla ya kuoga pia ni leo.

Jumatano, 5 Agosti

Nimerudia jaribio, safari hii kwa utaratibu. Kabla ya kuoga: mia moja na kumi na moja, arobaini na tano. Baada ya kuoga: mia moja na nane, arobaini na tatu. Kofia ametoa chaki yake tena.

Ushahidi ni ushahidi. Maji yanawala. Binti yangu ni msomi, lakini ni dhahiri hajawahi kupima kabla na baada. Ananakili tu alichokisoma mahali. Kwa kasi hii Kifungo atakwisha kabisa tarehe 26.

Nimechukua hatua. Kuanzia kesho kuoga kumesimamishwa.

Tatizo ni mkwe mwenzangu. Kesho atakuja. Atapita kwenye kibaraza cha fundi cherehani, jirani yangu, mwanamke ambaye macho yake hayako kwenye sindano hata dakika moja. Akimwuliza kama kobe wanaogeshwa, huyo hataficha. Kwa hiyo nimepanga: kila asubuhi nitalowesha taulo dogo na kulianika kwenye kamba, upande wa kwake.

Nimetuma uzito ule ule wa jana. Mwendelezo ni jambo jema katika kumbukumbu.

Alhamisi, 6 Agosti

Taulo limefanya kazi. Mkwe mwenzangu alipofika saa nne tayari alikuwa ameambiwa na fundi cherehani kwamba Mzee Mizani (hivyo ndivyo mtaa unavyoniita) ameamka mapema kuogesha wanyama wake. Alinipongeza. Akasikitika kwamba amechelewa kuwaona majini. Nikamwambia kobe wangu ni watu wa alfajiri.

Akauliza kama wanakunywa. Nikasema wanakunywa kama wageni wa arusi.

Akakaa saa nzima, akisema maneno kumi. Alipoondoka nilihesabu kobe. Wako wawili. Sijui kwa nini nilihesabu.

Uzito: mia moja na nane, arobaini na tatu. Haujashuka hata gramu! Nimesimamisha hasara. Nilitamani kumpigia binti simu nimweleze ugunduzi, lakini ingenibidi nieleze na taulo.

Ijumaa, 7 Agosti

Uzito ni ule ule. Lakini majani hawajayagusa. Nimewakatia vipande vidogo. Nimewakatia vidogo zaidi. Nimekaa mbele yao nikatafuna jani moja mimi mwenyewe, wapate mfano. Kofia alirudi ndani ya gamba.

Mjukuu alipiga simu kwa simu ya mama yake. Hakuniuliza hali, alikwenda moja kwa moja kwenye mambo muhimu. "Babu, Kifungo akinywa maji pua yake inatoa mapovu. Umeyaona?"

Nikasema nimeyaona.

Akataka kujua ni mangapi. Nikasema matatu. Akasema kwake huwa anatoa mawili, basi kwangu amefurahi zaidi. Akamwambia mama yake kwa sauti kwamba Kifungo ametoa matatu kwa babu.

Nilipokata simu sikula chakula cha mchana.

Jumamosi, 8 Agosti

Kofia, mia moja na saba. Kifungo bado arobaini na tatu. Nimeifuta mizani. Nimeyafuta mawe yake moja moja. Nimefunga madirisha, huenda ni upepo. Kofia, mia moja na saba.

Boksi lao ni kavu na safi. Hakuna choo, hakuna chochote. Nilijipa moyo kwamba ni ishara ya nidhamu.

Fundi cherehani aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta mbona taulo linaanikwa kila siku likiwa halina hata doa, ilhali kobe ni wanyama wa kujichafua. Nikamjibu kwamba kila mtu na usafi wake. Akasema, pole pole, bila kuinua macho kwenye cherehani, "Mficha maradhi kilio humuumbua, Mzee Mizani."

Nimemwambia mtaro wake unanuka. Ni kweli, unanuka.

Jumapili, 9 Agosti

Mkwe mwenzangu amekuja na kile kioo chake cha kubana jichoni, cha kutazamia vyuma vya saa. Alisema anapenda kutazama vitu vidogo, ni mazoea. Sikupata sababu ya kumkatalia.

Akamweka Kifungo kiganjani, akamtazama muda mrefu, kama anayetafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa. Akagusa ngozi ya mguu. Akamgeuza kwenye mwanga. Akatoa kioo jichoni.

"Mwenzangu," akasema, "macho yameingia ndani. Huyu mtoto ana kiu."

Nikamwambia macho ya kuingia ndani ni ya kurithi. Akauliza nimemjua wapi mama yake kobe. Nikasema mkaguzi hahitaji kuona kila kitu. Hakubishana. Hilo ndilo linaloniudhi kwake. Mtu unamwandalia ugomvi kamili naye hauchukui. Aliomba tu nimwogeshe yeye akiwapo. Nikasema ameshaoga, taulo lile pale.

Akalitazama taulo. Akanitazama mimi. Akaaga kwa heshima zote.

Kofia, mia moja na sita. Kifungo, arobaini na mbili. Nimetuma mia moja na kumi na mbili na arobaini na sita.

Yule mtu anataka wiki zangu sita. Nimemwona.

Lakini macho ya Kifungo kweli yameingia ndani.

Jumatatu, 10 Agosti

Kifungo hakufungua macho.

Nilimwita. Nilimgonga gamba kwa ukucha. Nikamweka kwenye mizani: arobaini. Gramu arobaini kamili, na hakusogeza hata mguu wakati sahani ya mizani ikicheza chini yake. Nilimfunga ndani ya leso, nikamtia mfuko wa shati upande wa moyo, nikaenda kwa daktari wa wanyama kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nimeweka kiganja juu ya mfuko. Watu wawili waliniuliza kama kifua kinauma. Nikasema ndiyo.

Pale kwa daktari nilikaa kwenye benchi baina ya mbwa mwenye kidonda na mwanamke mwenye kuku kwenye kikapu. Nikawa naandaa maelezo. Kwanza nitasema mafua. La, nitasema uzee. Kifungo ana miezi minane. Basi mafua.

Daktari ni binti mdogo kuliko binti yangu. Aliniamkia vizuri, akamtazama Kifungo, akauliza ameogeshwa lini mara ya mwisho.

Nikasema hivi karibuni.

Akauliza siku gani.

Nikatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya ng'ombe. Nikasema Jumatano.

Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali. Alivuta kiti akakaa, akauliza kwa nini. Nikamweleza yote: kabla na baada, gramu tatu na gramu mbili, chaki, hesabu ya tarehe 26. Nilipomaliza alikuwa ameuma mdomo.

"Mzee," akasema, "wewe ukitoka msalani, hupungui?"

Miaka thelathini na mmoja ya kupima. Sikuwahi kuulizwa swali hilo.

Alinieleza kwamba kobe mchanga akihisi maji ya uvuguvugu hujisaidia na kunywa papo hapo. Kile cheupe ni mkojo wake, ulio mzito kwa sababu anatunza maji. Na kuzamisha uso ndiko kunywa kwenyewe. Kumbe kila nilipomwokoa asizame nilikuwa nikimpokonya kikombe mdomoni. Asipoogeshwa hanywi, asipokunywa hutunza kila tone, na huko kutotoa kitu ndiko nilikokuita nidhamu.

Akaagiza waogeshwe wote wawili, asubuhi na jioni, nusu saa kila mara, maji yakipoa niongeze ya moto kidogo kidogo pembeni. Nikae hapo hapo. Nisimtoe. Nikauliza kama atapona. Akasema tuone kesho.

Nimemwogesha mara mbili. Kofia alikunywa kama tanki. Kifungo alikaa majini kama jiwe la mto. Binti ametuma ujumbe kuuliza uzito. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe: arobaini na sita.

Jumanne, 11 Agosti

Saa moja na nusu asubuhi, beseni. Nimepiga magoti kwenye saruji, goti la kushoto likilalamika. Kidevu cha Kifungo nimekiegemeza kwenye kokoto bapa kisizame. Hakuna kitu. Dakika kumi, hakuna kitu.

Mkwe mwenzangu akaingia bila kubisha. Fundi cherehani alikuwa amempelekea habari; huyo mwanamke angeajiriwa posta. Hakusema "nilikuambia". Alivua viatu, akakunja suruali, akapiga magoti upande wa pili wa beseni, akatoa saa yake mfukoni na kuiweka kwenye saruji baina yetu. Tukawa wazee wawili wenye makalio juu, tunaangalia kitu cha gramu arobaini.

Akapima dakika. Mimi nikaongeza maji ya moto. Mara moja tu aliniuliza kama namkumbuka mtoto alipokuwa mchanga, alivyokataa chupa siku mbili, sote tukahamia ukumbini kwa binti yangu. Nikasema nakumbuka. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye alikuwapo.

Dakika ya ishirini na mbili Kifungo akafungua jicho moja. Ya ishirini na tano akanyoosha shingo. Mkono wangu ukaruka wenyewe kumtoa. Mkwe mwenzangu akaushika kifundo, akaushikilia. Uso ukazama. Koo likaanza kucheza, juu, chini, juu, chini. Kisha, puani, povu. Na jingine.

Mawili. Anatoa mawili.

Nilikwenda jikoni kutafuta kitu nisichokihitaji. Nilikaa huko kidogo.

Uzito: arobaini na tatu. Jioni alijisaidia akapungua gramu moja, nikafurahi kama mtu aliyezaliwa upya. Kofia amekula majani yote na kona ya maagizo ya binti.

Jumatano, 12 Agosti

Wamerudi.

Nilikuwa nimepanga hadithi. Kobe wangekutwa ndani ya beseni, wamechangamka. Mimi ningesema wiki imepita salama. Na wamechangamka kweli. Mtoto alilala kifudifudi kwenye saruji akazungumza nao habari za nyumba mpya. Mambo yalikuwa yanakwenda barabara.

Kisha binti akatoa simu yake. Akasema kwa utulivu, ule utulivu wa mama yake, kwamba kwa siku nane nimetuma namba moja. Akauliza ni kiumbe gani hai kinachobaki gramu arobaini na sita Jumanne mpaka Jumanne.

Nikaanza kusema mizani ya shaba ina tabia yake. Lakini mtoto alikuwa ameinua kichwa ananitazama, akisubiri kwa hamu nimjibu mama yake, kwa sababu ni jambo la Kifungo. Nikashindwa. Nikaeleza. Taulo, Jumatano, daktari, macho kuingia ndani, mapovu matatu ambayo hayakuwapo. Yote.

Binti aliirudisha simu mkobani. Mtoto alifikiri.

"Babu," akauliza, "mimi nikija kwako, maji utanipa?"

Nilikwenda kumletea glasi. Akainywa yote nimesimama, akanirudishia, akasema moja tena. Nikaleta. Akainywa na hiyo, ingawa niliona tumbo limejaa. Alikuwa ananipima. Sijui nilipata ngapi.

Kwenye mlango binti alisema wataamua Jumapili yeye na mumewe, baada ya chakula cha mchana, watanijulisha. Akanibusu kwenye paji la uso. Busu la paji la uso linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa pole.

Nyumba imerudi kwenye sauti yake moja.

Alhamisi, 13 Agosti

Sikulala vizuri. Nimekiri makosa, sasa ni mtu mpya. Hila basi.

Saa nne mkwe mwenzangu alifika. Alikataa kiti, akasimama na kofia mkononi. Akasema amekuja kuniambia jambo moja tu nisije nikalisikia kwa mwingine.

"Mtoto aje kwako. Nitamwambia mama yake leo jioni."

Akaeleza kwamba kwake ni ghorofa ya tatu na magoti yake yamechoka. Na kwamba mtu aliyepiga magoti nusu saa nzima kwa ajili ya kobe hawezi kumwacha mtoto na njaa wala kiu. Kwamba kukosea ni kwa kila mtu, lakini si kila mtu anayemfunga mgonjwa kwenye leso akatembea naye. Nadhani aliambiwa na daktari, au na fundi cherehani, au na mji mzima. Akaniaga, akashuka ngazi za baraza pole pole, ameshika ukuta.

Nimekaa nikalifikiria jambo hili kuanzia saa nne mpaka saa nane, bila kuliharakisha.

Mtu anatoa wiki sita za mjukuu bure? Hakuna. Wala magoti hayakumzuia juzi kwenye saruji. Jioni atampigia binti yangu kwa ile sauti yake ya asali, ataanza kwa kunisifu, maana ndivyo wanavyoanza, na katikati ya sifa atachomeka lake. Kwa nini basi aje kuniarifu kwanza? Ili nilale! Karibu nilale.

Lazima nimtangulie. Saa nane na dakika kumi nimemwandikia binti ujumbe, mfupi, wa adabu, usio na nafasi ya kueleweka vibaya: "Binti yangu, leo jioni mkwe mwenzangu atakupigia kuhusu mtoto. Lolote atakalokuambia, usiamini hata neno moja. Fanya kinyume chake. Baba yako."

Nimeutuma. Umeonekana. Hajajibu, lakini najua yuko kazini.

Fundi cherehani aliniona nikitabasamu barazani akauliza kuna habari gani. Nilimsomea. Cherehani ikasimama. Akanitazama muda mrefu sana, akarudi kwenye mshono wake akitikisa kichwa. Wivu.

Sasa moyo umetulia kidogo. Kama kuna nguvu za kumzuia mtoto asije hapa, nimezikata mzizi. Uamuzi ni Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ukishatolewa nitakuandikia, shajara, uwe ni upi.